Kiingereza Kinahitaji Mtu wa Kuzungumza Naye

Tangu Desemba 10, 2025, mtoto wa Australia aliye chini ya miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti TikTok, Instagram, Facebook, YouTube na majukwaa mengine makubwa ya kijamii. Hatua hiyo inawapa nguvu wazazi na walimu wa huku kwetu ambao kwa miaka wamekuwa wakisema simu ndiyo inayowamaliza watoto. Lakini fungua simu hiyohiyo jioni, utakutana na tangazo la mtu aliyesimama mbele ya ubao mweupe: ongea Kiingereza kama maji ndani ya siku 30, tuma pesa kwa namba hii, utaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp. Kwa huyu, simu ndiyo mkombozi. Nilifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kwenye uandishi, na naamini pande zote mbili zimeshika pasipo penyewe. Anayetaka kufunga na anayeuza masomo wote wanauona mtandao wa kijamii kama bomba la kumimina vitu kichwani mwa mwanafunzi. Mmoja anaogopa uchafu utakaopita humo, mwingine anauza maji. Ukitazama kinachomkwamisha mwanafunzi wa Kitanzania utaona kwamba masomo amekwishamiminiwa ya kutosha. Anachokosa ni mtu ambaye bila Kiingereza hawataelewana, na mahali pa kukosea bila kuchekwa. Hapo ndipo mitandao ya kijamii inaweza kufanya kazi ambayo darasa limeshindwa kuifanya tangu uhuru, na hapo ndipo tusipoitumia.

Shida yenyewe ni ya zamani kuliko simu. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo likawekwa kando. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walichunguza shule zetu na kukuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Dawa iliyotolewa ikawa kuongeza Kiingereza: mradi uliofadhiliwa na Uingereza ukaleta vitabu vya hadithi nyepesi na mafunzo ya walimu. Mwalimu Nyerere naye alikwishasema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Miaka ikapita, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Martha Qorro, wakawa wanaonyesha kilekile: mwalimu anaandika Kiingereza ubaoni, anaeleza kwa Kiswahili, mwanafunzi ananakili asichokielewa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotoka, na karibu sita kati ya kila watahiniwa kumi wakawa wamepata sifuri kabla ya alama kupangwa upya, lugha ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyonyooshewa kidole. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili, toleo lake la 2023 likakibakiza Kiingereza sekondari, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeshusha somo la Kiingereza mpaka darasa la kwanza. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba mtoto angeielewa fizikia vizuri zaidi kwa Kiswahili, na Kiingereza akafundishwa kama somo, likafundishwa hasa. Lakini hata siku hiyo ikifika, swali la leo litakuwa palepale: somo hilo la lugha ya kigeni tunalifundishaje?

Neno "kigeni" tulichukue kwa uzito wake. Kijana wa Kampala anayesema Luganda akikaa dawati moja na mwenzake Mwacholi, Kiingereza kinawasaidia kuombana kalamu. Ndiyo maana Uganda mtu anaweza kukivunjavunja Kiingereza na bado akakiongea kutwa nzima bila haya, kwa sababu ana shughuli nacho. Sisi Kiswahili kimetutosheleza. Msukuma, Mmakonde na Mchaga wakikutana bwenini wanataniana kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, wanapatana kwa Kiswahili. Hili ni jambo la kujivunia, na sitaki lisomeke kama lawama. Ila matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Tanzania akitoka mlango wa darasa hana hata mtu mmoja ambaye lazima amsemeshe Kiingereza. Shule zimejaribu kutengeneza ulazima huo kwa nguvu: mabango ya "Speak English" kwenye kila mti, faini, viboko, na kibao kinachotundikwa shingoni mwa aliyekamatwa akisema Kiswahili mpaka amkamate mwingine. Nilisoma kwenye shule ya namna hiyo. Tulichojifunza ni kunyamaza. Ukimpita mwalimu wa zamu unafunga mdomo, ukifika nyuma ya bweni unaufungua.

Darasani nako hesabu inakataa. Kipindi ni dakika 40. Darasa la shule ya kata likiwa na wanafunzi 80, na mimi nimefundisha yaliyozidi hapo, kila mwanafunzi ana sekunde 30 za kuzungumza, iwapo mwalimu hatafungua mdomo kabisa tangu kengele ya kuingia mpaka ya kutoka. Kwa hiyo wanazungumza kwa pamoja. "Good morning, teacher. We are fine, thank you, teacher." Sauti 80 zinapanda na kushuka kama kwaya, na humo ndani mtoto anaweza kujificha miaka minne bila mtu yeyote kuisikia sauti yake peke yake. Mtihani wa taifa wa somo hili ni wa kuandika, kwa hiyo hakuna atakayemkamata.

Machi 17, 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi na walimu yaliota kila mahali kama uyoga. Kidato cha Sita walirudi Juni 1, wengine Juni 29, lakini makundi hayakufa. Ingia kwenye moja la Kiingereza leo uangalie kilichomo. Faili za notisi zilizopigwa picha. Pasti pepa. Orodha ya maneno 50 ya kukariri wiki hii. Tangazo kwamba admini pekee ndiye anayeruhusiwa kuandika, kwa sababu watoto "wanachafua kundi". Mwalimu amelihamisha darasa kwenye simu pamoja na ubao wake, chaki yake na ukimya wake. Makundi ya kulipia hayatofautiani sana, isipokuwa sauti ya mwalimu imechangamka zaidi. Chombo kilichotengenezwa ili watu wajibizane tumekifanya ubao wa matangazo, kisha tunashangaa kwamba Kiingereza cha watoto hakisogei.

Wanaotetea video fupi za TikTok na YouTube wana hoja, na niipe haki yake. Mtoto wa Namtumbo anayesoma Kiingereza kwa mwalimu ambaye naye alikisoma kwa kunakili anaweza, kwa mara ya kwanza, kusikia jinsi neno linavyotamkwa, akalirudia mara kumi bila kumchosha mtu. Walimu vijana wanaorekodi masomo hayo wana kipaji cha kueleza kwa dakika moja jambo ambalo kitabu kinalizungusha kurasa tatu, na wanatumia Kiswahili kuelezea bila kuona aibu, kama inavyopaswa. Shule Direct, jukwaa la masomo mtandaoni lililoanza mwaka 2013, na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania zimethibitisha kwamba mwanafunzi akiwekewa kitu kizuri atakifuata. Lakini kusikia ni nusu ya njia. Mtafiti Merrill Swain aliwachunguza watoto wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa miaka na miaka ilhali nyumbani wanasema Kiingereza. Walikuwa wakikisikia Kifaransa kila siku, wakakielewa vizuri, lakini kukisema na kukiandika kuliendelea kuwa na makosa mengi. Mwaka 1985 alieleza kwa nini: anayesikiliza anaweza kuelewa kwa kudokoa maneno mawili matatu na kubahatisha mengine, lakini anayesema analazimika kujenga sentensi nzima, na hapo ndipo anapogundua asichokijua. Mtoto anayetazama video 40 za Kiingereza kwa wiki na kubonyeza alama ya moyo kila mara anajiona anajua. Mwambie aeleze kwa sentensi tatu kwa nini alichelewa shule, utaona.

Upande wa wanaopinga, hoja inayosemwa zaidi ndiyo dhaifu zaidi: kwamba mitandao inaharibu lugha, kwamba mtoto aliyezoea kuandika "u" badala ya "you" na "gud" badala ya "good" ataandika hivyohivyo kwenye mtihani. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama tusingekuwa na kipimo chake hapahapa nyumbani. Watoto wetu kwenye simu wanaandika "xaxa", "cjui", "2po pamoja" na "mambo vp". Kiswahili wanakikatakata kuliko wanavyokikata Kiingereza, maana ndicho wanachokiandika kutwa. Hata hivyo Kiswahili kimekuwa miongoni mwa masomo wanayofaulu zaidi katika mtihani wa Kidato cha Nne, mwaka baada ya mwaka. Kama vifupisho vingekuwa vinaua lugha, Kiswahili kingekwishazikwa. Mwanaisimu wa Uingereza David Crystal alikwishaonyesha kwamba watu walifupisha maneno karne nyingi kabla ya simu, na kwamba ili ufupishe neno lazima kwanza ujue linavyoandikwa. Mwanafunzi anayeandika "tomoro" na "bcz" ana tatizo dogo. Mwenye tatizo kubwa ni yule ambaye hajawahi kumwandikia mtu yeyote sentensi ya Kiingereza kwa hiari yake, na huyo ndiye tuliye naye kwa wingi.

Hoja ya usalama ni ya kweli na siichezei. Kuna watu wazima wanaowinda watoto mtandaoni, na kuna walimu, nalisema kwa uchungu kwa sababu ni taaluma yangu, wanaotumia kisingizio cha somo kumwandikia binti faragha usiku. Ila hata sheria ya Australia ilitofautisha: WhatsApp haikuwekwa kwenye orodha ya majukwaa yaliyofungiwa, kwa sababu ni chombo cha kutumiana ujumbe na watu unaowajua, tofauti na jukwaa linalomsukumia mtoto video za watu asiowajua mpaka saa nane usiku. Tofauti hiyo ndiyo tunayoihitaji. Kundi la wanafunzi 24 ambalo wazazi wamo ndani na wanasoma kila kitu, ambamo mwalimu na mwanafunzi hawaruhusiwi kuandikiana pembeni, ambalo linafunguliwa saa moja jioni na kufungwa saa tatu, haliwezi kuhukumiwa pamoja na TikTok iliyo wazi kwa dunia nzima. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Mwalimu anayeposti wanafunzi wake wakikosea Kiingereza ili watu wacheke, na video hizo zipo, anamdhalilisha mtoto, na inashangaza kwamba wazazi wanazisambaza huku wakijishika mbavu.

Hoja ninayoiona nzito kuliko zote haisemwi mara nyingi, pengine kwa sababu inahitaji kufikiri kidogo. Jim Cummins wa Kanada alieleza mwaka 1979 kwamba lugha ya maongezi ya kila siku na lugha ya kusomea ni vitu viwili. Mtu anaweza kusalimia, kutania na kuagiza chakula kwa lugha fulani, akashindwa kueleza kwa lugha hiyohiyo kwa nini chuma kinashika kutu. Kwa hiyo mtu atauliza: hata tukifaulu kuwafanya watoto wachati kwa Kiingereza, tutakuwa tumewasaidia nini kwenye Biolojia? Swali hili ni halali, na linatuzuia kudhani kwamba kuchati kunatosha. Jibu langu ni kwamba ngazi hizo mbili zinaungana, na anayeruka ya kwanza haifikii ya pili. Sisi tumekuwa tukimpandisha mtoto moja kwa moja kwenye lugha ya kitabu cha Kemia bila kuwahi kumpa nafasi ya kusema kwa Kiingereza kwamba ana njaa. Na kundi si lazima libaki kwenye maongezi ya njaa. Mwalimu anaweza kuuliza jioni, "Kwa nini majani ya mhogo yananywea jua linapokuwa kali?", na kila mmoja ajibu kwa sekunde 40. Hapo tayari mtoto anatafuta maneno ya kueleza sababu na matokeo, ambayo ndiyo lugha ya kusomea yenyewe.

Nieleze nilichokiona, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha. Mwaka wangu wa mwisho darasani nilikuwa na kundi la Kidato cha Tatu, wanafunzi 24 waliokuwa wakitumia simu za wazazi wao jioni. Kazi ilikuwa moja: rekodi ujumbe wa sauti wa sekunde 40, umweleze mtu asiyekufahamu mtu mmoja wa nyumbani kwenu. Msichana mmoja, ambaye kwa miaka miwili sikuwahi kumsikia zaidi ya kuitikia jina, alituma wake karibu saa tatu usiku. Nyuma yake mafuta yalikuwa yakichemka kwenye karai, maana mama yake hukaanga maandazi ya kuuza stendi. Akasema: "My mother he wakes up at ten o'clock. He makes maandazi for people of the bus." Kalamu yangu nyekundu ingekimbilia kwenye "he", kosa la kila anayefikiri kwa Kiswahili, kwa kuwa "yeye" wetu hana jinsia. Mwenzake mmoja akawahi kumjibu kwa sauti: "Ten? At ten people are sleeping. Why is your mother waking?" Kimya cha dakika kadhaa. Kisha ujumbe wa pili ukaja, na kabla hajaanza ulisikika mkono ukiweka kitu kizito chini na sauti ya mama ikisema, "Haya, rudia, umekwama palepale." Akarudia: "Four o'clock. In the morning. Our ten is their four." Kesho yake aliniambia ule wa kwanza aliufuta mara tisa kabla ya kuutuma.

Nimeufikiria sana ujumbe ule. Saa kumi alfajiri imegeuka "ten o'clock" kwa maelfu ya wanafunzi wetu, na mara nyingi hatuioni kwenye daftari kwa sababu sentensi yenyewe imenyooka kisarufi na sisi tunaosahihisha ni Waswahili, tunaielewa bila kujua kwamba tumeielewa. Ilihitaji msikilizaji aliyetaka kujua maana. Na zile mara tisa za kufuta ni mazoezi ambayo hakuna mwalimu angeweza kumlazimisha. Mara tisa alijisikiliza, akajikosoa, akajenga sentensi upya, jikoni kwao, bila kicheko cha darasa. Sekunde 30 anazodaiwa na kipindi changu zilikuwa zimegeuka dakika sita. Ujumbe wa sauti una faida nyingine siku hizi, ambapo mwanafunzi anaweza kuiomba akili mnemba imwandikie insha nzima na kuibandika kundini ikiwa imepambwa maneno ambayo hajawahi kuyasikia: sauti yake mwenyewe, na karai nyuma yake, bado ni ngumu kuazima.

Kutoka hapo hatua inayofuata ndiyo kubwa zaidi. Chukua mwanafunzi wa Kigoma na wa Mpulungu, Zambia. Wanaishi kwenye ziwa moja, Tanganyika, wanakula samaki yuleyule mdogo anayevuliwa usiku kwa taa. Wa Kigoma anamwita dagaa, wa Mpulungu anamwita kapenta. Yule wa Kigoma hasemi Kibemba, na mwenzake hakusoma Kiswahili shuleni. Waunganishe shule kwa shule, walimu wawili wakiwa ndani, uwaambie waelezane dagaa wanakaushwaje, nani anamiliki boti, mvua ikinyesha wakiwa wameanikwa mchangani inakuwaje. Kiingereza hapo hakihitaji bango juu ya mti. Na angalia kitu kingine: mtoto wa Kigoma anaingia kwenye mazungumzo hayo akiwa mjuzi. Kwenye kitabu cha kiada Kiingereza kimemfuata kikiwa na mambo asiyoyajua, naye akawa mjinga mara mbili, wa lugha na wa jambo lenyewe. Hapa jambo analijua kuliko mtu yeyote Lusaka, anatafuta maneno tu. Teknolojia hii tunayo, na kwa upande wa Zambia Kiingereza ndicho lugha rasmi. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha walimu wawili, kazi ambayo ofisi ya elimu ya wilaya inaweza kuifanya kwa barua moja.

Gharama ipo, na inamwangukia asiyestahili. Laini za intaneti nchini zimepita milioni 40 kwa takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), lakini laini si simu janja, na mtu mmoja anaweza kuwa nazo tatu. Katika darasa langu la 80, wale 24 walikuwa ndio wenye mzazi mwenye simu ya kufaa na moyo wa kuiachia jioni. Waliobaki 56 nyumbani wana kiswaswadu au hawana kitu, na kundi lisipoangaliwa litawapandisha waliokwishakuwa juu. Nililijaribu hili kwa kuruhusu watatu wanne kurekodi kwenye simu moja ya jirani, ikasaidia kwa kiasi. Upande wa bando, sauti ni nafuu sana: ujumbe wa sekunde 40 haufikii hata megabaiti moja, ilhali video ya dakika moja inameza kadhaa. Kwa hiyo shule ya kijijini inayoambiwa ianze kutengeneza video za masomo inaambiwa ichome pesa pasipo na haja. Gharama kubwa ni muda wa mwalimu. Jumbe 80 za sekunde 40 ni dakika 53 za kusikiliza tu, kabla hujajibu hata mmoja, kwa darasa moja, kwa siku moja. Mimi niliwagawa wanane wanane, nikasikiliza kundi moja kila siku, na wengine wakasikilizana wenyewe. Hata hivyo bando lilikuwa la mfukoni mwangu, na saa zile za usiku hazikuandikwa popote.

Halafu kuna swali la nani anashika ufunguo. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa na ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Sikusudii kuufungua mjadala huo hapa, lakini mwalimu aliyeweka somo lake lote kwenye jukwaa moja aweke akilini kwamba kuna siku ataukuta mlango umefungwa, na wa kumlalamikia hana. Ndiyo maana nasisitiza mazoezi yawe mepesi kiasi cha kuhamishika: mwanafunzi anarekodi kwenye simu, rekodi inahifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na intaneti inapokuwepo inatumwa. Isipokuwepo, simu moja inaletwa na mwalimu darasani na wote wanasikiliza.

Kwa hali hiyo, Wizara ikiulizwa inaruhusu au inakataza mitandao shuleni, jibu la neno moja halitasaidia. Marufuku ya mwanafunzi kubeba simu shuleni ibaki. Sijaona bweni lililonufaika na simu chini ya godoro. Kinachohitajika ni mwongozo mfupi wa matumizi ya jioni, nyumbani, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa: idadi ya wanafunzi, saa za kufungua na kufunga, mzazi ndani, hakuna ujumbe wa faragha, hakuna sauti wala sura ya mtoto kuposti nje. Vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu jinsi ya kuuliza swali linalomfanya mtoto atake kujibu, kwa sababu hilo ndilo gumu. Kufungua kundi kila mtu anajua. Baraza la Mitihani nalo lina la kufanya. Mpaka leo mwanafunzi anamaliza Kidato cha Nne na alama nzuri ya Kiingereza bila mtu yeyote kuwahi kumpima kama anaweza kukizungumza, na hakuna mwalimu atakayetumia jioni zake kwenye kitu ambacho hakipimwi. Rekodi tatu kwa muhula, za sekunde 40 kila moja, zikihifadhiwa shuleni na kuhesabiwa kwenye alama za maendeleo, zingetosha kuanzia. Na zile dakika 53 ziandikwe kwenye ratiba ya mwalimu kama vipindi, zilipwe, na bando lake litoke kwenye fungu la shule kama inavyotoka chaki.